Mikono ya Rangi Tatu

Koplo Magige aliipenda mno ile sentensi aliyoiandika mwenyewe. Aliisoma mara ya pili, polepole, kama mpishi anayeonja mchuzi wake.

"'Mshukiwa alipoulizwa habari ya mikono yake, alisema: Nili...' Hapo nikaweka nukta tatu, madam, kwa sababu alinyamaza. Ulimi uliteleza, halafu akili ikamrudia."

"Nili nini?" aliuliza Inspekta Mong'ina.

"Nilimpiga. Nilimvizia. Nili kitu! Mtu hawezi anza na nili kama hakuna kitu amefanya."

Mong'ina alilivuta faili kwake. Hoja ile ilitosha kumfunga mtu, na hilo ndilo lililomkera. Faili lilikuwa limetua mezani kwake asubuhi hiyohiyo, na kesho yake mshukiwa alitakiwa afikishwe mahakamani. Alikuwa amelisoma akasimama, akalisoma akakaa, na kila alipofika mwisho alijikuta anajua machache kuliko alipoanza.

Jumamosi, katika mji wa Homa Bay, mjane mmoja aitwaye Marcella alikutwa kifudifudi katika karakana yake ya kutia nguo rangi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Hakufa, lakini hakuwa amefumbua macho tangu hapo, na daktari aliyeulizwa kama atayafumbua alitazama dirishani kabla ya kusema kwamba tuombe. Jioni ya siku iyo hiyo, mfanyakazi wake, Boaz Nyamhanga, alikamatwa stendi ya Migori akielekea kwao Ntimaru, begi mgongoni, mikono yote miwili ikiwa ya bluu.

Hadi hapo mambo yalikuwa mepesi. Ugumu uliletwa na mashahidi. Wawili walimwona mtu akitoka upande wa karakana mvua ilipokuwa ikinyesha. Wa kwanza aliapa kwamba mikono ya mtu huyo ilikuwa ya kijani. Wa pili aliapa kwamba ilikuwa myeusi.

"Kijani, nyeusi, bluu," Mong'ina alisema. "Magige, watu wangapi hao?"

"Watatu, madam. Ni genge." Magige alikuwa ameliwazia jambo hilo, ilionekana usoni. "Huyu Boaz zamani alichimba dhahabu Macalder. Nimeuliza. Sasa angalia: kule mawe mengine yana shaba, ukiyashika mkono unakuwa kijani. Na mashine ya kusaga mawe ina oili, oili ni nyeusi. Mmoja alikuwa anasaga, mmoja anabeba mawe. Boaz akawaita waje wamsaidie."

"Na bluu ya Boaz?"

"Hiyo ni ya kazi. Si wanatia nguo rangi huko? Pengine ni bluu ya kufulia."

Mong'ina alitaka kucheka, ila hakuwa na nadharia nyingine ya kuweka mahali pa ile. Aliomba aletewe mshukiwa.

Boaz Nyamhanga alikuwa mtu mzima wa makamo, mrefu, na mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba. Aliketi bila kuambiwa. Mong'ina alimtazama Magige, na Magige akatazama dari.

"Habari za asubuhi, mama," Boaz alisema.

"Salama. Ulimfanya nini Marcella?"

"Sikumfanya kitu. Nilimwacha mzima, anakoroga pipa lake. Aliniruhusu niende nyumbani kwa sababu mtoto wangu anaumwa."

"Unamsikia anavyoongea?" Magige alidakia. "Kama redio ya ng'ambo. Alisomea upande wa Tarime, basi anajifanya mwalimu wa Kiswahili."

Mong'ina alimkata jicho, akamgeukia Boaz. "Nyoosha mikono."

Mikono ilinyooshwa mezani. Ilikuwa ya bluu iliyokolea ambayo ilikwisha kuzoeana na ngozi: imejaa kwenye kucha, kwenye nyufa za vidole, kwenye mistari ya viganja. Iliishia kwenye vifundo vya mikono, na juu ya hapo ngozi ilikuwa ya kawaida.

"Hii ni nini?"

"Nilishajibu."

"Jibu tena, mimi sikuwepo."

Boaz alimtazama Magige kwa muda. Alionekana amechoka kuliko kuogopa. "Nilijibu, nikapigwa kofi, nikaambiwa nimalizie. Hakuna cha kumalizia, mama. Kila nikisema neno, kalamu yenu inaandika lingine. Basi nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza. Mong'ina alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa kukaa tu. Hakupata hata kikohozi. Alipotoka nje alimkuta mke wa Boaz kwenye benchi, amepakata chupa ya chai ambayo hakuna aliyemruhusu kuipitisha. Mwanamke yule hakuomba kitu. Aliinua chupa kidogo, kama swali, na Mong'ina akaona aibu na kuharakisha kwenda kwenye gari.

Ufunguo wa karakana ulikuwa kwa Omosa, shemeji yake Marcella, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapohapo Homa Bay, barabara moja nyuma ya karakana. Mong'ina alimkuta kwenye ngazi, anapaka milango ya duka rangi. Jua lilikuwa limeshapanda na joto la ziwa lilianza kubana, lakini Omosa alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi chini. Milango ilikuwa bado ya kijivu kwa chini, na bluu mbichi ilikuwa inashuka taratibu.

"Bwakire," Mong'ina alimwamkia kwa lugha ya kwao.

"Bwakire buya!" Omosa alishuka akiwa amefurahi kupata mtu wa nyumbani. Alimpa kigasha badala ya kiganja, kama afanyavyo yeyote ambaye mikono yake ni michafu, na Mong'ina akakishika na kukitikisa. "Uniwie radhi, dada. Mikono yote ni rangi. Nimesikia mmempata yule mtu wa Ntimaru. Mungu ni mkubwa."

"Tuna mtu, ndiyo. Ulikuwa wapi Jumamosi?"

"Sabato? Kanisani, dada. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Kutwa?"

"Nilitoka kidogo kwa chakula, kama kila mtu. Mvua ilinikuta njiani." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Marcella nilimwambia. Nilimwambia ile kazi ya mapipa haifai. Mji mzima unanuka. Ploti ni ya marehemu kaka yangu, Motari, tungejenga vyumba pale, yeye apate chake na watoto wapate. Akasema majani yake kwanza. Majani! Amepanda vichaka eka nzima kule Asumbi, vichaka hata mbuzi hawavitaki."

Aliingia ndani, akarudi na ufunguo uliofungwa kwa kamba, nao ukawa umepata alama ya bluu. Mong'ina aliupokea kwa ncha za vidole. Kidole gumba chake kilipata doa, naye akakifuta kwenye kitambaa bila kufanikiwa.

"Hiyo haitoki kwa maji," Omosa alimwambia. "Mafuta ya taa tu."

Shahidi wa kwanza, Mourine, alikuwa anakaanga samaki mkabala na mlango wa karakana. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na kwa kuwa tayari alikwisha kuulizwa na maafisa wengine, hadithi yake ilikuwa imenyooka vizuri kwa kurudiwa.

"Mkono yake ilikuwa kijani, madam. Kijani kabisa! Kama mtu ametoka kupondaponda sukuma wiki. Mpaka hapa." Aligusa kiwiko.

"Uliionaje hadi kiwiko?"

"Si alikuwa ameinua mkono hivi, ameshikilia gunia kwa kichwa. Mvua ilikuwa inapiga. Hiyo mfuko ya simiti, ile ya nailoni. Shati ikarudi chini, nikaona."

"Na uso?"

"Uso ilikuwa ndani ya mfuko. Ningeona uso, ningekuwa nimemtaja kitambo, mimi siogopi mtu." Aligeuza samaki. "Lakini Boaz sio. Boaz ninamjua. Boaz mkono yake ni bluu, Jumatatu mpaka Jumatatu. Anakula samaki hapa na hiyo mkono, watoto wanamcheka. Sasa ya kijani ilitoka wapi?"

Mong'ina angependa kumuuliza mtu mwingine swali hilohilo. "Marcella alikuwa anatumia nini kupondea?"

"Mchi. Mkubwa, wa mti mzito. Ulikuwa unasimama hapo kwa mlango."

Mlangoni hapakuwa na mchi. Daktari alikuwa amesema jeraha lilitokana na kitu cha mviringo, kizito, kisicho chuma. Maafisa wa kwanza waliutafuta mchi uani, mtaroni na juu ya paa, wakaukosa. Mong'ina alikariri hayo kimoyomoyo, akaenda kwa shahidi wa pili.

Dani Aloo alikuwa bibi mwembamba aliyeuza omena kwenye kona, pale uchochoro wa karakana unapoingia barabarani. Watu wote walimwita dani, yaani bibi, na Mong'ina naye akamwita hivyo.

"Dani, ulimwona mtu siku ya mvua?"

"Ee, nyathina, mwanangu. Nilimwona. Alipita hapa mbio, na gunia kwa kichwa. Gunia ya simiti."

Mong'ina aliinua kichwa. "Gunia la simenti, una hakika?"

"Mimi si kipofu. Mkono ilikuwa rateng'. Nyeusi."

"Si kijani?"

"Kijani!" Bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Wewe umeona mtu wa kijani wapi? Nyeusi, nyathina. Hata ilikuwa inang'aa na maji."

Basi Mong'ina alisimama kwenye kona ile akiwa amevurugikiwa kabisa. Gunia moja, mvua moja, uchochoro mmoja usio na njia ya pembeni. Kutoka kwenye kikaango cha Mourine hadi kwenye omena za Dani Aloo ni mwendo mfupi tu. Kama walikuwa watu wawili, mbona kila shahidi alimwona mmoja? Na kama alikuwa mmoja, aliingiaje uchochoroni na mikono ya kijani akatokea upande wa pili na mikono myeusi? Mvua haimbadilishi mtu rangi. Ingekuwa hivyo, nusu ya Homa Bay ingekwisha kukimbiwa na jamaa zake. Alijiuliza kama mmoja wa wale wanawake anadanganya, na kwa faida gani. Alijiuliza pia kama Magige, Mungu amsamehe, alikuwa sahihi.

Alifungua karakana.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza, harufu ya mkojo wa jana na majani yaliyooza. Ndani kulikuwa na kamba zilizotundikwa vitambaa: vingine rangi ya anga ya mchana, vingine vimekolea karibu na weusi. Pembeni palikuwa na rundo la matawi mabichi yenye vijani vidogovidogo vya kawaida tu. Mong'ina alichuma kimoja akakisugua. Kilitoa utomvu wa kijani kama jani jingine lolote, na hakikuonyesha dalili ya kujua lolote kuhusu bluu. Alikitupa akiwa amechukia, kwa sababu hata majani sasa yalikuwa yanamficha habari.

Sakafuni palikuwa na alama ya chaki mahali alipoanguka Marcella, na hatua moja kutoka hapo lilisimama pipa la plastiki lililofunikwa kwa mkeka. Mong'ina aliufunua. Juu palielea povu la bluu lenye mng'ao wa shaba. Alilisogeza kwa kijiti, na chini yake maji yalikuwa na rangi ya chai ya majani isiyo na maziwa, iliyoelekea kijani.

Alikumbuka sehemu zilizopekuliwa: uani, mtaro, paa. Pipa halikuwemo. Aliielewa sababu vizuri sana, maana pua yake ilikuwa inamsihi atoke. Hakuna afisa ambaye angetia mkono wake katika kitu kile kwa mshahara ule.

"Haya," alijiambia kwa sauti, akavua saa, akakunja mkono wa shati, akauzamisha.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alipapasa majani yaliyolegea, akafika kwenye mawe yaliyowekwa kuyakandamiza. Alilisogeza jiwe moja, la pili likamponyoka. Chini yao vidole vyake vilishika mti laini wa mviringo. Mtu alikuwa ameusukuma chini ya mawe ili usielee, na mtu huyo hakuweza kufanya hivyo bila kuzama hadi kiwiko, maana hata yeye maji yalimfika hapo.

Aliuvuta mchi wa Marcella, akaulaza juu ya nailoni safi. Hapo ndipo alipoutazama mkono wake, akapiga yowe.

Mkono ulikuwa wa kijani. Kijani kibichi cha mchicha, kutoka kwenye kucha hadi kiwiko. Mong'ina hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, lakini wazo la kwanza lililomjia ni kwamba amekwisha, kwamba ndani ya pipa mlikuwa na sumu na atafia hapa katika uvundo huu. Aliufuta kwenye kitambaa, na kijani hakikutoka. Alikimbilia mlangoni kwenye mwanga ili aone vizuri.

Mwangani kijani kilianza kuondoka. Hakikufutika. Kiligeuka. Kwanza kwenye ncha za vidole, palipokauka mapema, kisha mgongo wa kiganja, kisha kigasha, ubluu uliibuka kutoka ndani ya kijani huku yeye mwenyewe akitazama, na hakuna kitu kilichokuwa kimeugusa mkono ila hewa. Kisha bluu nayo ikaendelea kukolea.

Zamani, darasa la sita, mwalimu wao aliwakaririsha rangi za upinde wa mvua hadi wakaziota. Zilimtoka mdomoni zenyewe, kwa wimbo uleule wa darasani, kufuata alichokuwa anakiona.

"Nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, ni..."

Alikwama. Alirudi nyuma kidogo, akapita tena.

"Kijani. Buluu. Nili."

Alilitamka tena, safari hii akitazama mkono. "Nili." Neno la mtihani, ambalo tangu amalize shule hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mtu, kwa sababu huku kila kitu kinaitwa bluu na maisha yanaendelea. Isipokuwa mtu awe alisomea ng'ambo ya mpaka, kule wanakoongea kama redio. Mtu huyo ukimuuliza ana nini mikononi, atakwambia. Atalitaja jina lenyewe kwa neno moja, halafu atanyamaza, maana amemaliza.

Mong'ina aliketi juu ya kizingiti. Alihisi furaha na hasira kwa pamoja. Alimwona Boaz akipigwa kofi na kuambiwa amalizie neno lisilo na mwisho mwingine.

Lakini upelelezi hauishii kwenye furaha. Alinyanyuka akaenda kwa Dani Aloo, mkono mbele.

"Dani, hii ni rangi gani?"

Bibi aliuinamia, akaugeuza juu chini. "Rateng'," alisema bila wasiwasi. "Nyeusi. Si nilikwambia? Ndiyo ile ile."

"Na hii?" Mong'ina aligusa kitambaa kilichokolea nili kichwani mwa mteja mmoja.

"Nyeusi. Wewe hukusoma rangi shule?"

"Nilisoma, dani. Nilisahau moja."

Sasa mambo yalijipanga. Mtu alikuwa mmoja. Alipotoka mlangoni, mbele ya Mourine, mikono ilikuwa ndiyo kwanza imetoka pipani, ya kijani. Mvua na hewa ya uchochoroni vikamfanyia kazi, na alipofika kwenye kona ilikuwa imekwisha kugeuka, na kwa macho ya Dani Aloo rangi hiyo ni nyeusi na mjadala umefungwa. Tena mtu huyo hakuwa Boaz. Boaz ni wa bluu Jumatatu hadi Jumatatu, hawezi kuzamisha mkono wa bluu akautoa wa kijani. Na nili ya Boaz iliishia kwenye vifundo, ya mtu yule ilifika viwikoni.

Basi kuna mtu Homa Bay mwenye nili hadi viwikoni, ambaye hawezi kuinawa, na ambaye tangu Jumamosi anatafuta namna ya kutembea nayo mchana kweupe. Afanyeje? Avae glavu katika joto hili, watu wamcheke? Atie mikono mfukoni hadi lini?

Mong'ina alikitazama kidole chake gumba cha mkono wa pili, ambao haukuingia pipani. Kilikuwa na doa la bluu tangu asubuhi. Akalikumbuka shati la mikono mirefu juu ya ngazi, na kigasha alichopewa akitikise. Akakumbuka na mifuko ya simenti, ambayo mwenye duka la namna ile haikosi.

Kwa Mourine aliomba mafuta ya taa kidogo na kitambaa kilichochakaa.

"Unataka kuwasha nini, madam?"

"Nataka kunawisha mtu."

Omosa alikuwa amefika chini ya milango. Alipomwona alitabasamu, kisha akauona mkono wake wa kulia, na tabasamu likabaki mahali pake bila mwenyewe.

"Umeingia kwenye mapipa, dada," alisema.

"Nimeingia. Nimepata mchi." Mong'ina aliweka chupa ya mafuta juu ya ngazi. "Uliniambia kweli, ndugu yangu. Rangi ya duka lako haitoki kwa maji. Tazama."

Alilowesha kitambaa, akafuta kidole gumba cha kushoto. Doa lilitoka lote, ngozi ikabaki safi. Kisha akafuta kidole gumba cha kulia, akafuta kwa nguvu, akageuza kitambaa akafuta tena. Nili haikutikisika.

"Unaona hizi mbili zilivyo tofauti? Moja inakaa juu ya mtu. Nyingine inaingia." Alimnyooshea kitambaa. "Na wewe nawa."

"Sijamaliza kazi."

"Utamaliza baadaye. Nawa, mzee wa kanisa."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Fundi mmoja aliyekuja kununua misumari aliacha kuhesabu misumari yake. Omosa alikipokea kitambaa kwa sababu hakuna njia ambayo mtu asiye na hatia angekikataa, naye alilijua hilo kama Mong'ina alivyolijua. Alifuta mkono wa kushoto polepole. Bluu ya duka ilitoka, ikakijaza kitambaa. Chini yake palikuwa na bluu nyingine, iliyokolea zaidi, imetulia kwenye kucha na kwenye nyufa za vidole.

"Imeingia kwa ngozi," alisema haraka. "Nimepaka tangu jana, dada. Imeingia."

"Fungua vifungo."

Hakusogea. Mong'ina alivifungua mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akakunja shati hadi juu. Nili ilipanda kigasha chote, bila tone la rangi ya duka juu yake, ikaishia karibu na kiwiko kwa mstari ulionyooka. Mong'ina aliuweka mkono wake sambamba na ule. Mistari miwili ilikuwa sawasawa, kama watu wawili waliovuka mto mmoja.

Omosa alitazama mikono ile miwili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana mtu wa kuhurumiwa. Mong'ina alimhurumia, na hakurudi nyuma hata kidogo.

"Ploti ni ya kaka yangu," Omosa alisema kwa sauti ndogo. "Nilikwenda kuongea naye tu. Akanipa mgongo, akaendelea kukoroga. Mimi namsemesha, yeye anakoroga. Nili..."

Alinyamaza.

Mong'ina alingoja. Fundi wa misumari naye alingoja. Omosa alifumbua mdomo, akaufumba, na neno lake likabaki nusu.

Mong'ina alimfunga pingu juu ya nili yake, akatoa simu kwa mkono wa kushoto.

"Magige. Nenda kwa Boaz umuulize mikononi ana nini."

"Si alishasema, madam? Alisema nili, akanyamaza."

"Alinyamaza kwa sababu alikuwa amemaliza. Nili ni rangi, Magige. Ndiyo hiyo ya upinde wa mvua uliyoikimbia shule. Ulimuuliza, akakujibu. Futa nukta zako, weka moja. Halafu mkewe apitishe ile chai, na umwombe radhi yule mtu kwa sauti ya kusikika. Mimi niko njiani kuja kumtoa."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Na hizi nukta zingine, madam?" Magige aliuliza hatimaye.

Mong'ina alimtazama Omosa, aliyekuwa ameinamia viganja vyake kana kwamba vitamsaidia kumalizia.

"Zihifadhi," alisema. "Nimempata mwenye nukta hizo."